Gurudumu Lenye Kitambaa Chekundu

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na ninaomba barua hii ikukute mgongo ukiwa umepona. Uliniandikia mara moja tu, kwenye ile kadi ya kunipongeza kwa mtihani, kwamba kubeba matairi hapo ghalani kumekuharibu kiuno. Tangu hapo kila nikiona tairi nakiwaza kiuno chako, na hapa kwetu unajua mwenyewe, matairi hayakosekani. Mimi sijambo. Baba hajambo kidogo, nitafika huko. Huku ni mvua tu, mwezi wa nne mfululizo sasa. Hata karatasi hii imelowa unyevu na wino unasambaa, kwa hiyo naandika kwa penseli. Usidhani ni dharau.

Kabla ya habari nyingine nataka nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu hata mmoja. Siku uliyoondoka hukuniacha nimelala. Ulisimama mlangoni pa chumba ukaniita "Daftari" mara mbili, ukasema unakwenda. Ilikuwa saa tisa mchana, nani analala saa tisa mchana na shuka hadi kichwani? Nilikuwa macho, nimekumbatia kitabu. Nilikusikia ukisubiri. Nilikusikia ukihamisha begi kutoka mkono huu kwenda mwingine. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nakuonea aibu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilimwamini Baba, kwamba ulikuwa na uwezo wa kushinda mchujo ule wa mbio ukaamua kulegea katikati ya uwanja, mbele ya watu wote aliowaalika. Niliamini kwamba una moyo mwepesi. Naomba usiiache barua hapa. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue kama bado mimi ni mdogo wako.

Sasa habari za Baba. Miguu yake imevimba mpaka viatu havimwingii, na akipanda ngazi mbili za kibarazani anakaa chini kama mtu aliyetoka safari ya siku nzima. Daktari alimpima akasema moyo umechoka. Baba akamuuliza kama hakuna spea. Daktari akasema ya moyo huo hakuna. Baba akacheka, akasema basi wote wawili ni mafundi na wote wawili wamekwama kwa kukosa spea. Alicheka peke yake. Daktari alikuwa anaandika, mimi nilikuwa natazama sakafu.

Jina lako hakuwahi kulitaja tangu uondoke. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua banda la baiskeli, alikuwa anatoa ile saa ya kupimia mbio kwenye kopo la valvu, anaitia ufunguo, anaibonyeza, anaiweka sikioni, anaizima, anairudisha. Basi. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepimwa. Kwa miaka mitatu nimekunywa chai yangu nikimtazama akifanya hivyo. Miezi mitano iliyopita alianza kuchelewa kuamka, kisha akaacha kufungua banda, wateja wakawa wanakuta baiskeli zao pale pale walipoziacha, na siku moja niliona hata saa hakuigusa. Hapo nikaogopa. Mimi si mtu wa kusema mambo, unanijua, lakini siku ile niliingia chumbani kwake na sare ya shule mwilini nikamwambia naomba anipimie, nataka kukimbia.

Alinitazama kuanzia juu hadi chini. Akaniuliza nikimbie mimi, mimi ambaye nikibeba madaftari manne nahema kama pampu iliyotoboka? Nikasema ndiyo, mimi huyo huyo. Akasema viatu viko juu ya kabati.

Viatu vyako ni vikubwa kwangu kwa vidole viwili. Nilijaza vitambaa kwenye ncha, nikavaa mfuko wa nailoni kichwani, nikatoka. Mvua ilikuwa inamwagika. Yule mshonaviatu jirani yetu, Redio (bado hajazimika, kama unajiuliza), alinichungulia chini ya mwavuli wake akapaza sauti kumuuliza Baba kama huyo anayepita ni mtoto wake au ni nguo imepeperuka kutoka kwenye kamba. Watu wawili waliokuwa wamejikinga mvua pale kwake wakacheka. Kama jua lingekuwa linawaka na barabara imejaa watu, ningerudi ndani na hadithi hii ingeishia hapo. Ukweli ni kwamba mvua ndiyo iliyonifanya niwe mkimbiaji. Mvua ikinyesha watu wanaingia ndani, na wasioingia wanatazama miguu yao. Hakuna anayeangalia msichana mwenye mfuko kichwani. Nilikimbia njia yako ile ile, kutoka mlangoni pa banda hadi kwenye jiwe jeupe karibu na kalavati, kisha kurudi, kilomita tatu kamili kama Baba alivyokupimia. Nilitembea mara sita. Nilitapika mara moja. Nilirudi na dakika kumi na nane na nusu, na Baba aliziandika kwenye ubao wa ukuta wa banda, kwa penseli, chini ya safu ya nambari zako. Zako hajazifuta, Kaka. Zipo zote, mpaka ile ya mwisho, dakika tisa na sekunde kumi na mbili.

Nimekimbia siku nne kila wiki tangu hapo. Nimejifunza kwamba kiatu kikishajaa maji hakizidi kuwa kizito, kwa hiyo ni afadhali kukijaza mapema kuliko kuruka ruka madimbwi. Nimejifunza kupumua kwa kuhesabu hatua. Mwezi wa kwanza nilifika dakika kumi na sita, wa pili kumi na nne na kitu, na siku moja mwanzoni mwa mwezi wa nne nilikuta Baba amesimama mlangoni, amesimama kwa miguu yake, ananionyesha saa kwa mbali kana kwamba ningeweza kuisoma. Ilikuwa kumi na mbili na hamsini. Redio alitangaza mtaa mzima kwamba ile nguo iliyopeperuka sasa inapaa.

Ungemwona Baba wiki zile. Alirudi bandani. Alikaa kwenye kigoda chake akikaza spoku huku miguu ameipandisha juu ya boksi, harufu ya solusheni ya viraka ikarudi ndani ya nyumba, na nikipita ananikosoa kwa lugha ya kazi yake, mara nakimbia kama breki zimebana, mara kiuno changu kina bearingi mbovu, mara nitazame mbele, barabara haijaandikwa kitu cha kusoma. Alimaliza sahani yake ya chakula. Alimwambia mwalimu wetu wa michezo, yule tunayemwita Kipenga, aandike jina langu kwenye mchujo wa timu ya shule zote. Kipenga akasema anayetaka kuchaguliwa kati ya wasichana ajiandae kumaliza kilomita tatu chini ya dakika kumi na tatu. Baba akamjibu kwamba mtoto wake anamaliza kwa kumi na mbili na hamsini, kwenye mvua, na viatu vya kaka yake.

Umesikia? Viatu vya kaka yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilidhani nitalia mbele ya Kipenga.

Wiki tatu kabla ya mchujo maji ya kalavati yalifurika yakalibeba lile jiwe jeupe. Baba akanituma nikaweke jingine mahali pale pale. Nilikwenda nikaliweka. Kwenye kazi hiyo niliona jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike, lakini niruhusu nimalize kwanza habari ya mchujo, kwa sababu nikianza na lile sitaweza kuandika hili.

Mchujo ulikuwa Jumamosi iliyopita. Mvua, bila shaka. Mistari ya chokaa ilikuwa imeyeyuka na walimu walikuwa wameweka chupa tupu kuonyesha pembe za uwanja. Redio alimleta Baba kwa ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, amemfunika turubai kama friji mpya, na Baba akakaa kwenye kigoda chake karibu na mstari wa kumalizia na saa mkononi. Uso wake ulikuwa umenyolewa. Nilijua kabla sijajipanga kwenye mstari kwamba sitachaguliwa. Nilijua hata muda nitakaomaliza. Nilikuwa nimeukokotoa kwenye daftari la hesabu, dakika kumi na tatu na sekunde arobaini na tisa.

Nilikimbia kwa nguvu zangu zote. Nataka ujue hilo. Mzunguko wa tano kifua kilikuwa kinawaka na mzunguko wa sita nikaacha kuona chupa, nikawa nafuata mgongo wa msichana aliye mbele yangu. Nilikuwa wa kumi na moja kati ya kumi na tisa. Kumi na tatu na arobaini na nne. Kipenga akaniambia kwa upole kwamba kwa mtu aliyeanza juzi si vibaya hata kidogo, nijaribu mwakani. Nikaenda kwa Baba. Alikuwa anaitazama saa. Aliitikisa, akaiweka sikioni, akaitazama tena. Kisha akaniuliza nilisimama wapi.

Nikamjibu kwamba sikusimama.

Nadhani sihitaji kukueleza nilivyojisikia kusema maneno yale. Mimi nilikuwepo, Kaka, siku ya mchujo wako. Nilikuwa nimeshika chupa yako ya maji. Nilimsikia akikuuliza ulisimama wapi, nikakusikia ukijibu kwamba hukusimama, ukarudia mara tatu, na mara ya tatu sauti yako ikawa nyembamba kama yangu. Akasema mbele ya wote kwamba hakulea mtoto ili aje adanganywe machoni. Wewe ukaenda zako kuoga, na mchana ule ule ukafunga begi. Safari hii Baba aligeuza uso. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakupata la kutangaza. Tulirudi nyumbani mimi nikisukuma kwa nyuma, na Baba chini ya turubai.

Sasa lile la jiwe.

Unakumbuka anavyopima. Gurudumu limetundikwa kwenye msumari, na spoku moja imefungwa kitambaa chekundu. Unalisukuma barabarani, kitambaa kikifika juu unahesabu moja, kila kumi unahamisha gololi moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Baba aliniambia nihesabu mia sita sabini na tatu, niweke jiwe, maana gurudumu lile mzunguko wake ni mita mbili na sentimita ishirini na tatu, na mia sita sabini na tatu ni kilomita moja na nusu. Anazo kichwani nambari hizo tangu ujana wake. Mimi, kwa ujinga wangu wa kutaka kila kitu kiwe kwenye daftari, nikachukua ile futi ya kushonea kwenye kikapu cha Mama nikalizungushia gurudumu kwa awamu mbili kabla ya kutoka. Nikapata mbili na sentimita saba. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Mbili na saba. Ndipo nikaliangalia vizuri. Si lile la inchi ishirini na nane alilokuwa akipimia zamani. Ni la ishirini na sita. Na kuna spoku moja, upande wa pili wa kitambaa, imepakwa rangi ya kucha.

Ni gurudumu la baiskeli ya Mama. Alipaka spoku ile mwenyewe ili asichanganye baiskeli yake na za wengine pale kliniki. Nilimshikia kichupa.

Nilikaa sakafuni nikajaribu kukumbuka, na nadhani nimekumbuka sawasawa, nisahihishe kama nakosea. Wiki tuliyomzika Mama, gari la mmoja wa waliokuja msibani lilirudi nyuma likakanyaga lile gurudumu kubwa pale ukutani. Lilipinda likawa kama yai. Wewe ulikuwa umeahidiwa njia yako mpya ya mazoezi tangu Mama akiwa mgonjwa, na Baba siku tatu baada ya mazishi aliamka akasema ahadi ni ahadi, anakwenda kupima. Watu walimsihi akae. Hakukaa. Basi lazima alifungua kitambaa kwenye gurudumu lililopinda akakifunga kwenye lililokuwa karibu, na lililokuwa karibu lilikuwa la Mama, kwa kuwa baiskeli yake alikuwa ameifungua vipande ili mtu asije akaiomba. Fundi ambaye akisikia cheni tu barabarani anajua jino gani limekwisha, alitoka na gurudumu la mke wake mkononi na nambari ya gurudumu jingine kichwani. Sidhani kama siku ile alikuwa anaona kitu chochote zaidi ya kitambaa.

Njia yako ilikuwa fupi, Kaka. Mita mia moja na saba kwenda, mia moja na saba kurudi. Nimefanya hesabu mara nyingi kuliko nilivyofanya hesabu yoyote maishani. Zile dakika tisa na sekunde kumi na mbili ambazo Baba alimwonyesha kila mteja, kwa kilomita tatu za kweli zingekuwa tisa na hamsini na nne. Siku ya mchujo ulikimbia tisa na hamsini na moja. Nilikuwa na miaka kumi na tatu lakini nambari zangu sizisahau, niliiona kwenye karatasi ya Kipenga. Ulikimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yako. Hukulegea. Hukusimama. Ulikuwa umetufikishia kila kitu ulichokuwa nacho, sisi tukakutazama kama mtu aliyeiba, na mimi nikajifunika shuka.

Nililijua hili wiki tatu nzima na sikumwambia mtu. Nilitoka na gurudumu lile kwenye mvua, nikahesabu mia sita sabini na tatu kama nilivyoagizwa, nikaweka jiwe pale pale pa uongo, nikarudi nikamwambia Baba tayari. Kwa sababu alikuwa anakula. Kwa sababu alikuwa amesema viatu vya kaka yake. Nilijiambia labda nitakimbia kwa kasi ya ajabu siku ya mchujo na hesabu itashindwa, ingawa mimi najua hesabu haishindwi kwa kutamani. Uwanja una vipimo vyake. Nilimwacha akanyoa ndevu, akapanda baiskeli ya mizigo, akaja kushuhudia kitu ambacho mimi nilikuwa nakijua tayari.

Tulipofika nyumbani Jumamosi nilimwambia. Sikuwa na ujasiri wa kutumia maneno mengi. Nilimletea gurudumu kitandani, nikamwekea futi ya Mama juu ya shuka. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Kisha akapima. Alipima mara tatu kama nilivyopima mimi. Akalizungusha polepole mpaka ile spoku ya rangi ikafika mbele yake, akaigusa kwa kidole gumba, akasema hili ni la mama yenu. Akanipa nilitundike. Akageukia ukutani.

Tangu hapo hajatoka. Chai naiacha kwenye kiti, naikuta imepoa. Banda limefungwa. Nimejiuliza kila siku kama nilifanya hivyo kwa ajili yako, au kwa ajili yake, au kwa ajili yangu mwenyewe ili nipate kulala, na sijui. Kwenye vitabu ninavyosoma mtu akisema kweli kunakuwa na mwanga fulani. Hapa hakuna. Kuna mzee amelala ameelekea ukuta, na nimemwondolea kitu cha mwisho kilichokuwa kinamwamsha. Daktari alikuja Jumatano, akasikiliza kifua, akaniita nje kibarazani akaniambia kwamba kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe, na asingoje mvua iishe.

Alhamisi, nilipokuwa nafagia chumbani kwake, aliniuliza bila kugeuka kama yule alisema hakusimama. Nikamwambia ndiyo, alisema hivyo mara tatu. Hayo ndiyo yote. Sitakudanganya kwamba ameniambia nikuite, au kwamba amelia, au kwamba ameomba msamaha. Mimi ndiye ninayekuomba. Sikuombi umsamehe, hiyo ni yako na yake. Nakuomba uje, ukiweza, hata ukisimama mlangoni tu. Na kama huwezi, au hutaki, nitaelewa, nami sitajifunika shuka tena kwa kukuonea aibu wewe wala mtu mwingine.

Redio anakusalimu, anasema ukija ulete miguu yako, ya kwake imechoka kusukuma wagonjwa. Wasalimie wenzako wa ghalani. Tunza mgongo.

Leo asubuhi, kabla ya kukaa kumalizia barua hii, nililitoa gurudumu kwenye msumari nikaenda nalo barabarani. Mvua ilikuwa ya kawaida. Nilihesabu mia saba ishirini na tano, gololi sabini na mbili na mizunguko mitano juu, nikapita lile jiwe la uongo, nikapita kalavati, nikafika kwenye uzio wa kiwanda cha mbao. Hapo nikaweka jiwe na kulipaka rangi nyeupe, nikalifunika kwa bati ili likauke. Nikarudi nyumbani. Saa ilikuwa imesimama kwenye kopo la valvu, haijatiwa ufunguo tangu Jumamosi. Niliitia, nikaipeleka kwa Baba nikaiweka kiganjani mwake. Vidole havikuifunga. Nilisubiri kidogo, nikaichukua, nikafunga kamba za viatu vyako, nikaibonyeza mwenyewe mlangoni na kukimbia nayo mkononi hadi kwenye jiwe jipya na kurudi. Kumi na tatu na thelathini na tisa. Ni bora kwa sekunde tano kuliko Jumamosi, na haisaidii kitu, timu imeshachaguliwa. Niliingia nikamwambia Baba muda ule. Hakujibu, lakini alikuwa macho.

Kisha nikaenda bandani, nikachukua penseli hii hii, na chini ya nambari yako ya mwisho kwenye ubao nikaandika tisa na hamsini na moja, na tarehe ya siku ile ya mchujo. Nikarudi nikamweleza Baba nilichoandika. Nikafungua kitambaa chekundu kwenye spoku, nikakikausha juu ya jiko, na ndicho hicho utakachokikuta ndani ya bahasha. Gurudumu nimelirudisha kwenye msumari wake. Sasa navaa koti niende posta kabla hawajafunga.

Ni mimi mdogo wako,
Daftari